Karanga Si Mzizi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mimi humsaidia baba kufungua duka letu karibu na stesheni ya Tabora, kisha hujaza karanga kwenye debe la mbele. Kwa hiyo siku Mwalimu Wilbroad alipotuambia tupange mazao kwa sehemu ya mmea tunayokula, yaani jani, mzizi au mbegu, mimi Shahida nilijiona bingwa wa darasa la tano.

"Karanga huchimbwa ardhini kama muhogo. Andika mzizi," nilimwambia Advera, katibu wa kundi letu.

Advera alikuwa amehamia shuleni kwetu muhula ule kutoka kijiji cha Goweko, ambako wazazi wake ni wakulima. Alisita, akasema kwa sauti ndogo kwamba karanga huanza na ua. Nikamuuliza kama huko kwao maua huchanua chini ya ardhi. Kundi zima likacheka, naye akaandika nilivyotaka.

Kesho yake mwalimu alimsimamisha Advera, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wake, akamuuliza inakuwaje mtoto wa mkulima asijue karanga. Advera aliinamisha kichwa, hakunitaja. Nami nikainama chini ya dawati, nikijifanya natafuta kalamu.

Ndipo mwalimu akatupeleka kwenye shamba la shule, akang'oa shina moja la karanga. Pale ua liliponyauka palikuwa pametoka kijiti chembamba kama uzi, kikashuka hadi udongoni. Kwenye ncha yake ndipo lilipokuwa ganda la karanga, mbegu zikiwa ndani. Mizizi ilikuwa pembeni, haina karanga hata moja.

Uso uliniwaka. Kukosea kuliniuma kidogo tu. Kilichonichoma ni kwamba Advera alikuwa amelibeba kosa langu mbele ya darasa zima.

"Mwalimu, jibu lile ni langu," nilisema. "Advera alijua. Mimi nilimcheka."

Mwalimu alimwomba Advera radhi, akampa lile shina atueleze yeye. Hakuna aliyecheka. Nami nikamwomba msamaha, macho yangu yakiwa chini.

"Ungeniuliza tu," alisema Advera.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Umesikia, Shahida?" mwalimu aliniambia kwa upole. "Hapa mmekuja kujifunza, kwa hiyo kukosea si kosa. Kosa ni kumnyamazisha anayejua, halafu ukamwacha alaumiwe kwa ajili yako. Leo umesema kweli. Kesho anza kwa kusikiliza."