Msizibe Dirisha la Babu!

Kaeni chini. Wa mbele asimzibe wa nyuma. Mambo haya yalitokea Tukuyu, kule mvua ikianza kunyesha inasahau kuacha.

Kulikuwa na msichana anaitwa Tusekile. Ana miaka sita. Mdogo! Akiingia kwenye shamba la chai, unaona kofia yake nyekundu tu, inatembea yenyewe.

Lakini hasira zake sasa! Hasira zake kubwa kuliko mlima Rungwe. Ukizipanda, unalala njiani mara mbili.

Babu yake alikuwa Fundi Asajile. Alijenga nyumba mia. Mia gani? Elfu! Asubuhi anaanza, mchana watu wanahamia, jioni paka keshazaa humo ndani.

Pwa! Saruji ukutani. Ko, ko, ko! Tofali limekaa.

Halafu Babu anajisifu: "Nyumba yangu mimi? Tembo akiiegemea, anaanguka tembo!"

Sasa Babu amekufa. Mwiko wake wa ujenzi unaning'inia kwenye msumari. Kimya. Hakuna pwa. Hakuna ko, ko, ko.

Jumamosi watu wote watakuja nyumbani kumkumbuka.

Basi Ijumaa, Baba Mdogo Ambakisye akakoroga saruji. Chakacha, chakacha. Akautoa mwiko wa Babu kwenye msumari.

Tusekile akaja mbio. "Baba Mdogo, unajenga nini?"

"Sijengi. Naziba. Naziba lile dirisha la chini."

Pale sebuleni kulikuwa na madirisha mawili makubwa, na moja dogo. Dogo, halafu chini kabisa! Kuku akipita nje, mnasalimiana. Mtu mzima akipita, unaona magoti.

Lakini Tusekile akisimama hapo, lilikuwa sawasawa na macho yake. Kila jioni alichungulia hapo, akamwona Babu anarudi kazini.

"Unaziba kwa nini?"

"Kesho wageni wanakuja. Watatucheka. Watasema mzee alikosea vipimo."

"Babu? Akosee?"

Tusekile alikasirika. Alikasirika mpaka birika likachemka bila moto.

"Hapana! Hapana! Msizibe dirisha la Babu!"

"We mtoto, toka hapo. Saruji inaganda."

Tusekile hakutoka. Alipanda dirishani. Mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

"Haya, ziba! Niweke na mimi ukutani! Wageni wakija niwapigie kelele humo humo!"

"Tusekile, shuka."

"Sishuki."

"Nitakupa ndizi ya kuchoma."

"Sitaki ndizi yako!"

Na alikuwa anaipenda ndizi kuliko Krismasi.

"Mtoto king'ang'anizi kama kupe," akasema Baba Mdogo. "Hilo dirisha ni kosa tu. Kosa la fundi."

Lo! Heri asingesema hivyo. Tusekile alikasirika mpaka kuku wakaficha mayai. Alikasirika mpaka wingu la mvua likageuza, likanyeshea kwa watu wengine.

"Hapana! Hapana! Msizibe dirisha la Babu! Unasema kosa, na hujachungulia hata siku moja! Piga magoti!"

"Mimi? Nipige magoti?"

"Piga magoti!"

Baba Mdogo alikuwa mrefu. Alianza kupiga magoti saa nne, akafika chini saa sita.

Akachungulia.

"Unaona nini?" akauliza Tusekile.

"Naona migomba. Naona njia. Naona kona..."

Mwiko ukamponyoka. Kling!

"Pale konani," akasema polepole, "kofia ya Baba ilikuwa inatangulia. Halafu uso. Halafu mfuko wa mwiko. Na mimi napiga kelele, Baba kaja, Baba kaja!"

Bibi alikuwa mlangoni, anamenya ndizi. Akacheka mpaka ganda likamponyoka.

"Ehe! Umekumbuka leo? Nyumba ilikuwa imeisha. Wewe ulikuwa mdogo kama Tusekile. Ukalia kila jioni, eti dirisha la wakubwa hulifikii, humwoni baba yako akirudi."

"Akafanya nini?" akauliza Tusekile.

"Akampima baba yako mdogo kwa kamba, mpaka machoni. Akavunja ukuta wake mwenyewe. Ko, ko, ko! Nikamgombeza wiki nzima."

Baba Mdogo alikuwa bado kapiga magoti. Alijifuta macho na mkono wa shati.

"Kumbe hakukosea vipimo," akasema.

"Nilikwambia!" akasema Tusekile. Bado alikuwa amenuna. Hasira kama zile haziishi haraka. "Na hiyo saruji yako sasa?"

Baba Mdogo akaokota mwiko. Pwa! Pwa! Akatengeneza ukingo laini chini ya dirisha.

"Wa nini huo?"

"Wa kuwekea viwiko. Ukisubiri mtu, viwiko vinachoka."

Kesho yake watu wakaja. Elfu moja! Na mbuzi wao.

Mzee wa kanisa akacheka. "Nani kakosea dirisha hili?"

Tusekile akashika kiuno. "Piga magoti!"

Akapiga. Na mkewe akapiga. Watu wakapanga foleni mpaka barabarani, wanasubiri kupiga magoti. Kila aliyechungulia aliambiwa, "Kofia ya Babu ilikuwa inatokea pale."

Jioni wageni wakaondoka. Mvua ikarudi. Ti, ti, ti, kwenye bati.

Tusekile akaweka viwiko kwenye ukingo. Baba Mdogo akakaa chini kando yake. Njia ilikuwa na mvua tu.

"Babu," akanong'ona Tusekile, "hawakuziba."

Hasira zake zilikuwa zimebaki ndogo kama punje ya ulezi. Akapiga miayo, na punje hiyo ikamtoka mdomoni hapo hapo.

Baba Mdogo akambeba kitandani. "Nyumba ya Babu, tembo akiiegemea?"

"Anaanguka..." akasema Tusekile.

Kabla hajamtaja tembo, akalala.