Homa Isiyo na Nchi

Abiria mia mbili waliteremka kutoka kivuko cha Kalemie, na hakuna aliyechomwa sindano hata mmoja. Walipita tu, mmoja mmoja, chini ya lango la kimulikadamu katika bandari ya Kigoma. Mwanga mwekundu uligusa kiganja, ukapenya ngozi, ukatafuta ndani ya mishipa zile chembe nyeusi ambazo kimelea cha malaria huziacha kinapokula damu. Sekunde tatu, mlio mwembamba, pita.

Mwaka huo wa 2094 ulikuwa wa thelathini na sita tangu malaria itokomezwe nchini. Madaktari vijana waliijua kwa picha. Iliyobaki ilikuwa ile iliyoletwa na wasafiri, na kazi ya kuinasa ilikuwa ya mhandisi Dafroza Ntakije. Yeye ndiye aliyebuni lango pamoja na mtambo wa nyuma yake, ulioitwa Mfuatiliaji. Mgonjwa alipopatikana, Mfuatiliaji ulichunguza alikosafiri na anaoishi nao, ukamtambua aliyeuleta ugonjwa, kisha ukatoa amri.

Asubuhi hiyo Daktari Sudi alimpigia simu kutoka hospitalini.

"Mhandisi, nina mgonjwa ananichanganya kabisa. Bi Mwamvita wa Ujiji, miaka sabini na minane. Ana malaria."

"Alisafiri lini?"

"Hajavuka hata mpaka wa mkoa kwa miaka ishirini. Ndiyo maana tulichelewa. Siku tisa tulitibu homa tusiyoijua, kwa sababu mtambo wenu haumpimi malaria mtu ambaye hajasafiri."

 Kanuni hiyo Dafroza aliiandika mwenyewe, kupunguza vipimo visivyo na faida.

"Mfuatiliaji umesemaje?"

"Umesema ameambukizwa na Feza, msichana wa Kalemie anayemtunza nyumbani. Amerudishwa kwao juzi. Hukujua? Amri ina saini yako."

Hakujua. Saini yake iliwekwa na mtambo, kama ilivyowekwa kwenye amri nyingine nyingi kabla ya hiyo.

Alifungua kumbukumbu. Feza Kalunga, miaka ishirini na sita, aliingia nchini miezi saba iliyopita. Langoni damu yake ilikuwa safi. Alipopimwa tena juzi, ilikuwa safi vilevile. Chini yake Mfuatiliaji ulikuwa umeandika: *Huenda alitumia dawa kuficha.*

Dafroza akatazama mitego ya mbu ya Ujiji. Kwa miaka kumi na moja haikunasa mbu wa malaria hata mmoja. Sasa kimelea kilitokaje kwa Feza kikamfikia bibi? Akauliza Ramani ya Asili, inayolinganisha vinasaba vya kimelea na vya nchi zote zenye malaria. Jibu likaja: hakifanani na cha popote. Alilisoma mara tatu. Malaria ya kuletwa, isiyoletwa na mtu, kutoka nchi isiyokuwepo. Kichwa kilimuuma.

Mchana akaenda hospitali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyemrudisha Feza wangu kwao?"

"Hapana, bibi. Mimi natengeneza ile mitambo."

"Basi kaiulize mtoto wangu kosa lake nini. Walimchukua akiwa ananipikia uji. Hata jiko hakuzima."

Dafroza alivuta kiti, akajifanya anatazama chati iliyokuwa ukutani. Kisha akaanza kuitazama kweli. Homa ilipanda Jumatatu. Ikatulia siku mbili. Ikapanda Alhamisi. Ikatulia. Ikapanda Jumapili.

"Bibi, homa ya namna hii uliwahi kuipata?"

"Zamani sana, nikiwa na mimba ya kwanza. Ilikuwa inakuja na kwenda hivihivi. Nilimeza vidonge siku moja, nikapata nafuu, nikaacha."

"Na sasa unatumia dawa gani?"

"Za viungo. Tangu mwezi wa nne."

Daktari Sudi, aliyesimama mlangoni, akashtuka. "Hizo hushusha kinga ya mwili."

Jioni walikuwa bado kwenye maabara. Katika vitabu vya kale Dafroza alikuta habari za aina moja ya malaria, ya polepole, inayoweza kukaa kimya ndani ya damu ya mtu kwa miongo kadhaa, kisha ikaamka kinga ya mwili ikishuka. Ramani ya Asili haikuwa na vimelea vya nchini. Vilifutwa humo mwaka ule malaria ilipotokomezwa. Waliomba vioo vyenye matone ya damu ya wagonjwa wa Ujiji, vilivyohifadhiwa ghalani tangu 2049. Siku ya tatu majibu yakatoka. Vinasaba vilifanana.

Haikuletwa na mtu. Ilikuwa ya hapahapa, ya kwao wenyewe.

Bi Mwamvita alipona homa, lakini figo zake hazikupona, kwa zile siku tisa na kwa ile miaka mingi ambayo kimelea kilijificha mwilini mwake. Dafroza aliingiza matokeo kwenye mtambo. Sehemu ya *nchi ulikotoka ugonjwa* ilikuwa na majina mengi, jina la nchi yake halikuwemo. Ilimbidi aliongeze. Kisha Mfuatiliaji ukachapa barua ya kumfungulia Feza mpaka.

Dafroza hakuituma. Alipanda kivuko akaipeleka mwenyewe. Alimkuta Feza kwa dada yake, anaanua nguo. Feza aliweka nguo chini, akaipokea barua, akaisoma taratibu.

"Mama, hapa wameandika nimesamehewa."

"Ndiyo."

"Miye nilikosa nini?"

Dafroza alifungua mdomo aeleze kwamba mtambo hauna neno jingine, akaona aibu. Akaichukua barua, akakata neno lile kwa kalamu.  Juu yake akaandika: *Tulikukosea.*

Feza alisoma tena. "Bibi anakula?"

"Kidogo sana. Anakuulizia kila siku."

Feza alikunja barua akaiweka juu ya nguo zilizokauka.

"Kesho nitavuka nimwone," alisema. "Lakini kukaa kule, mama, sikai tena."