Meza ya Mama Mkwe

Nyumbani kwa Elkana, mjini Migori, shughuli zilikuwa nyingi. Jumapili binti yake wa pekee, Phanice, angeolewa na Maroa, kijana Mkuria wa Ntimaru. Kamati ya harusi ilimpa Elkana kazi moja tu: kupanga nani atakaa meza gani. Kazi nyepesi! Elkana akavuta kiti, akafungua kompyuta ya bintiye, akaanza kujitesa.

Alikuwa na kurasa mbili. Moja ilikuwa na majina ya wageni, nyingine ilikuwa na meza. Elkana alifungua ya majina, akasoma, akaifunga. Ndipo akafungua ya meza. Kompyuta ilichelewa kufungua. Ilipofungua, majina yalikuwa yamemtoka kichwani.

Akamwita mkewe, Milka.

"Mama Phanice, nishikie majina haya. Bogonko, Nyamoita, Werema."

"Bogonko, Nyamoita, Werema," Milka akasema huku akichagua mchele. "Mchele huu una mawe, jamani! Bogonko, mawe... huyo mwingine ni nani?"

"Sasa unaniuliza mimi?"

Walienda hivyo mpaka jioni. Kumbukumbu ilipokwama, Elkana aliandika jina lolote lililokuja. Alipomaliza alimtumia Maroa picha ya meza kwa simu, akajipongeza kwa chai.

Mara simu ikalia. Alikuwa Maroa.

"Baba, nimeona meza. Asante sana. Lakini mimi nitakula nikiwa nje."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Umeniweka na mama."

Milka akaja mbio kutazama. Kweli! Meza ya kwanza: Maroa na Milka, ubavu kwa ubavu. Na huku, kwa Waluo kama wao na kwa Wakuria vilevile, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Hawali meza moja.

"Yawa, Elkana! Nimtafunie mkwe wangu kuku usoni? Siji! Nitabaki hapa na mbuzi."

"Nilisahau jina, na wewe ndiwe uliyekuwa karibu," Elkana akajitetea.

Milka hakucheka. Elkana akaingiwa na hofu. Phanice aolewe bila mama yake? Moyo ulimuuma. Akabeba kompyuta, akakimbilia kwa jirani yao Caren, mwalimu wa kompyuta.

Elkana alipomweleza, Caren alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akauliza, "Mzee, kwa nini unafunga hii kabla ya kufungua ile?"

"Si moja itafunika nyingine?"

"Itafunika kama hujazipanga. Kila moja ina dirisha lake. Fungua zote mbili. Haya, bonyeza ndani ya dirisha la majina. Sasa shikilia kitufe hiki chenye alama ya dirisha, halafu bonyeza mshale wa kushoto."

Dirisha la majina likaruka, likakaa nusu ya kushoto ya skrini. Elkana akarudi nyuma.

"Nimeiharibu?"

"Hujaharibu. Ona, kulia inakuonyesha madirisha mengine uliyofungua. Chagua la meza."

Elkana akabonyeza. Likajaa nusu ya kulia. Majina huku, meza kule, na yote anayaona!

"Ukitaka kuandika," Caren akaongeza, "bonyeza kwanza ndani ya dirisha unalotaka. Usipofanya hivyo, utaandika mahali pengine."

Elkana akarudi nyumbani akipiga kelele tangu langoni. "Mama Phanice, sahau majina yote! Sasa naona mwenyewe!"

Milka akasimama nyuma yake, mikono kiunoni. Elkana alisoma kushoto, akaandika kulia, hakufunga kitu. Alimaliza hata kabla chai yake haijapoa.

Jumapili Milka alivaa kitambaa chake kipya kichwani. Aliketi na dada zake, upande mmoja wa ukumbi. Maroa aliketi upande wa pili kabisa. Milka alimtazama Phanice, machozi ya furaha yakamtoka, kisha akala vipande viwili vya kuku kwa amani.

Elkana akapita, kifua mbele. "Umeona faida ya kupanga ubavu kwa ubavu?"

"Madirisha, Baba Phanice," Milka akasema. "Madirisha tu."