Muhogo wa Chifu

Ngina aliishi Kiganjo, karibu na mji wa Thika, pamoja na mumewe Kagwe na binti yao mdogo, Wangeci. Walilima mahindi, maharagwe na nduma kidogo, yaani magimbi, kule bondeni. Chumba cha uani walikipangisha kwa Aoko, mama kutoka Nyanza. Mume wake alifanya kazi kiwandani. Mtoto wao aliitwa Opiyo.

Mwaka wa 1950 chifu aliita baraza. Akatoa amri kwamba kila boma lipande muhogo, maana mvua ikikosa, mahindi hayatatosha. Asiyepanda atatozwa faini. Kijana mmoja, Bedan, ambaye watu walimwita Bwana Shamba, akagawa vipande vya miti ya kupanda. Watu wakaenda nyumbani wakinung'unika.

"Huu mti unaliwa wapi?" Kagwe akauliza. "Majani ama mizizi?"

"Mizizi, nafikiri," Ngina akajibu. "Chifu alisema tupande tu."

Mwaka uliofuata mvua ikakosa kweli. Ghala likawa tupu. Ngina akachimba muhogo, akampa Aoko kwanza. Tuseme ukweli, hakuwa mkarimu hivyo. Alitaka kuona kama mpangaji atakula na kupona. Siku zikapita, Opiyo akala muhogo huo na kucheza uani kama kawaida. Ngina akaona basi, hiki ni chakula.

Akaupika jinsi alivyojua kupika nduma. Aliuosha, akautia sufuriani na maganda yake, akachemsha.

"Mama, ni mchungu," Wangeci akasema.

"Kula hivyo hivyo. Hakuna kingine."

Wangeci akala. Kabla jua halijatua alikuwa anatapika. Kichwa kilimzunguka, na miguu ikakataa kusimama. Kagwe akambeba mgongoni mbio mpaka dispensari. Huko alitibiwa, akalazwa. Ngina alikaa kando yake akilia, maana ni yeye aliyemwambia ale.

Mtoto alipona. Lakini Kagwe alirudi nyumbani amekasirika.

"Muhogo ni ule ule, wa shamba moja," alisema. "Mtoto wa Aoko anacheza, wangu karibu afe. Huyu mama ametufanyia kitu. Wahame. Na huo muhogo nitaung'oa wote."

"Ukiung'oa ni faini, na tena tutakula nini?"

"Ukibaki ni sumu."

Ngina hakujua ashike lipi. Sokoni wengine walisema serikali inataka kuwamaliza. Lakini mbona Opiyo hakuugua? Aliwaza mpaka kichwa kikamuuma. Mwisho akaenda kubisha kwa Aoko.

"Mama Opiyo, niambie ukweli. Mtoto wako alikula nini?"

"Muhogo ulionipa," Aoko akasema. "Wewe ulipikaje?"

"Kama nduma."

Aoko akashika mdomo. "Pole, Mama Wangeci. Muhogo mchungu una sumu. Na kwa macho tu huwezi kujua upi mchungu, upi mtamu. Kwa hivyo mimi yote naifanya namna moja. Kuja uone."

Chungu kilikuwa pembeni, kimejaa maji na vipande vyeupe.

"Kwanza toa maganda yote. Pasua, loweka siku tatu ama nne, mpaka kidole kiingie bila nguvu. Maji hayo mwaga mbali, mbuzi asiyanywe. Halafu anika kwa jua mpaka ukauke kabisa. Twanga, changanya na unga wa mtama, songa ugali. Usile mbichi hata kidogo."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilifikiri unajua. Shamba ni lako."

Wakafanya kazi pamoja. Ugali ulipoiva, Kagwe alisimama mlangoni, hataki kuingia. Aoko akala, akampa Opiyo. Ngina akala. Wangeci alinyimwa hadi kesho yake, mama yake alipoamka mzima. Ndipo Ngina akampa. Wangeci akamaliza sahani, akaenda kucheza.

Katika baraza lililofuata Ngina akasimama mbele ya watu.

"Mlituambia tupande," alisema. "Kupika hamkutuambia. Mtoto wangu karibu afe."

Bedan akainuka polepole.

"Mama, hata mimi sikujua," alisema. "Kwetu hatuli muhogo. Nilipewa miti nigawe, nikagawa. Nani amekufundisha?"

Ngina akamwonyesha Aoko, aliyekuwa amekaa nyuma. Bedan akamwomba aende naye boma kwa boma, awafundishe kina mama kabla mtoto mwingine hajaugua.

"Ningeenda," Aoko akasema, "lakini Opiyo nitamwachia nani?"

Wa kwanza kujibu alikuwa Kagwe.

"Mwache kwangu," alisema. "Atakula na Wangeci."