Swichi Iliyokaa Kinyume

Mmmmmmmmm.

Mvumo ulipita chini ya mlango, ukavuka ua, ukaingia chumba cha jirani ambako cherehani ilikuwa ikikimbia. Cherehani ikasimama ghafla.

“We Sanduku! Fungia hao nyuki wako!”

“Si nyuki, ni muziki unatafuta njia!”

“Basi uonyeshe njia upesi, mwenzio napindisha pindo!”

Sanduku akacheka peke yake. Alikuwa amekaa sakafuni, kifua wazi, pasi ya kulehemu mkononi, waya zimemzunguka kama kuku aliyeatamia. Mbele yake lilikuwa wazi sanduku gumu la mama yake, lile alilobebea nguo zake siku aliyoolewa. Alimbembeleza mpaka mama akachoka: “Lichukue, lakini ukiliunguza utalala humo humo.” Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina lake la kuzaliwa.

Ndani ya sanduku kulikuwa na maajabu. Mikseri ndogo aliyoinunua imekufa akaifufua. Amplifaya iliyong’olewa kwenye gari bovu. Betri, inveta ya kuubadili umeme wake, na feni ya kompyuta ya kupoza vyote hivyo. Spika mbili alikuwa amezifunga kwenye droo za kabati lililovunjika. Sherehe nzima ingebebwa na mtu mmoja, mgongoni na mkononi, bila gari na bila vibarua. Hiyo ndiyo ndoto yake, na alikuwa ameishika masikio.

Kitandani alijilaza Ngurumo, dijei mkubwa wa mtaa, mwenye spika ndefu kama kabati la nguo. Kwa miaka Sanduku ndiye aliyezibeba spika hizo, akazifunga, akazitengeneza zilipogoma, huku Ngurumo akipigiwa makofi.

“Na bado unavuma,” Ngurumo alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Simu yenyewe ilikuwa ya Sanduku. “Achana nalo bwana. Jumamosi tuna kazi, twende ukanifungie mitambo.”

“Jumamosi nina harusi yangu ya kuchezesha. Dada yake Sindano anaolewa.”

“Na sanduku la nguo?”

“Na sanduku la nguo. Wewe unafanya nini na simu yangu muda wote huo?”

“Natafuta wimbo, yangu haina bando.” Akaminyaminya mara mbili tatu, akamrushia. “Haya, ahsante. Nikutakie nyuki wema.”

Akaenda zake. Hakupita muda, mlango ukasukumwa kwa goti. Sindano akaingia, mikono imejaa mito ya sponji aliyoikata kutoka godoro kuukuu na kuivika kitambaa cheusi. Yeye alishona mapazia kwa riziki, na mifuko ya Sanduku kwa mapenzi.

“Huu wa mikseri, huu wa betri. Mikanda ya kunata iko hapa. Ukilidondosha sanduku lako, litaruka kama mpira.”

“Sindano, wewe ni mchawi.”

“Mchawi gani anavumiwa mpaka anapindisha pindo? Nyuki wako wanatoka wapi?”

“Ngoja.” Akachukua bisibisi, akagusisha ncha moja kwenye mwili wa amplifaya, upande wa pili kwenye mwili wa mikseri. Mvumo ukakatika. Chumba kizima kikawa kimya mpaka wakasikia pumzi zao.

“Umeona?” Sanduku alinong’ona. “Vilikuwa havijashikana mikono.”

“Basi vishikanishe vizuri.” Naye Sindano akamshika mkono wake.

Sanduku akalehemu kipande cha waya pale bisibisi ilipokuwa imegusa, kisha akampa maiki aliyoifufua siku hiyo hiyo. “Jaribu.”

Sindano akasukuma swichi juu. “Haloo. Haloo? Mbona bubu?” Akaishusha. “Haloo!” Spika zikamjibu kwa sauti yake mwenyewe, akashtuka. “We, umeifunga kinyume. Ukishusha ndiyo inawaka.”

“Haijakaa kinyume. Kwangu chini ndiyo kuwaka.”

“Dunia nzima juu ndiyo kuwaka, Sanduku.”

“Dunia haikunifundisha umeme. Nilijifundisha mwenyewe.”

“Sema tu umekosea. Dakika mbili utaigeuza.”

“Mimi sikosei. Mimi nabuni.”

Sindano akamtazama, akatikisa kichwa, akacheka. Alipokwenda kulala akakuta ujumbe kwenye simu:

*Sindano ya cherehani, sindano yangu ya santuri,*
*Ukigusa nguo hushonwa, ukigusa sahani huimba vizuri.*

Akajibu: *Mistari mizuri. Swichi bado imekaa kinyume.*

Siku tatu kabla ya harusi, simu ya Sanduku ikaita.

“Hii namba iliyonitumia picha ni ya nani?” Hakukuwa na salamu.

“Namba gani, mpenzi?”

“Usiniite mpenzi. Angalia nilichokutumia.”

Akaangalia. Ilikuwa picha ya ujumbe uliopokelewa kwenye simu ya mtu, na umetoka kwenye namba ya Sanduku mwenyewe: *Huyu wa cherehani nampitishia siku tu. Akimaliza kunishonea mifuko nakuja kwako.*

Damu ikampanda kichwani.

“Nani kakuletea uchafu huu?”

“Namba nisiyoijua. Lakini ya aliyeandika naijua kwa moyo. Niambie, Sanduku. Umeandika wewe?”

Neno moja tu lilitakiwa hapo. Neno fupi, mtoto anayejifunza kusema angelitamka. Lakini Sanduku alikuwa na kiburi chake, na kiburi kilikuwa kimekanyagwa kidole.

“Kama unaniona mimi mtu wa aina hiyo, sina la kueleza.”

“Sema tu ‘sikuandika’! Nitakuamini.”

“Mimi sijitetei kwa kitu ambacho sikufanya.”

“Hata mimi hunijibu?”

“Wewe ndiye hukutakiwa kuniuliza.”

Sauti ya Sindano ikarudi, nyembamba, inatetemeka.

“Sawa. Basi kiburi chako na kikushonee mifuko.”

Jioni ukaja ujumbe: *Jumatatu naenda kwa shangazi. Ana duka la mapazia, siku zote ananitaka. Nimeshakata tiketi. Mfuko wa mwisho nimemwachia mama yako.*

Mama akauingiza ule mfuko mwenyewe, akauweka juu ya sanduku.

“Mwanangu, yule binti ameniamkia huku analia. Umemfanya nini?”

“Sijamfanya kitu, mama.”

“Umemwambia hivyo?”

“Mama, niko kazini.”

“Haya, fundi. Ukimaliza kuunga waya, uunge na watu.”

Usiku huo aliandika ujumbe mara kumi, akafuta mara kumi. Asubuhi akapigiwa na bi harusi mtarajiwa.

“Shemeji, saa tisa uwe uani kwa mjomba.”

“Usiniite shemeji. Mdogo wako kaniacha.”

“Mimi nimekodi muziki, sikukodi mapenzi yenu. Ua wake unaujua, spika za Ngurumo haziingii hata kwa kusali. Utakuja au huji?”

“Mimi kazi yangu siikimbii.”

“Ndiyo nimekuuliza hivyo?”

“Nakuja, dada.”

Jumamosi akatokea amebeba sanduku mgongoni, droo zake mikononi. Wageni wakaangua kicheko. Mjomba aliyewalea Sindano na dada yake, mzee mrefu mwenye suti ya kijivu, akamzunguka mara moja.

“Kijana, umekuja kuchezesha muziki au unahamia?”

“Mjomba, kaa karibu na ukuta. Usije ukaanguka.”

Akafungua vifungo, tap, tap. Mito myeusi ikameta. Akaunga, akawasha, akapandisha sauti kwa kidole. Besi ikatoka ndani ya zile droo ikiwa safi, nzito, bila mvumo hata chembe. Kicheko kikageuka kelele. Kina mama wakaingia kati. Mguu wa mjomba ukaanza kupiga chini bila ruhusa ya mwenyewe.

Sanduku alijua kazi yake. Ua mzima ulikuwa wake siku ile, isipokuwa mtu mmoja. Sindano alipita na sinia la soda, gauni la bluu, macho mbele. Alipita mara ya pili. Hakugeuka.

Ndipo akaingia Ngurumo, kazi yake imekwama kwa kukosa fundi, mkono mmoja mfukoni, ameongozana na binamu yake, msichana wa viatu virefu ambaye Sanduku hakuwahi kumwona.

“Fundi wangu! Nipe maiki niwasalimie maharusi. Watu wameniomba.”

Sanduku akapunguza muziki, akaishusha swichi, akampa. “Ongea, imewaka.”

Wakati huo huo mchezaji mmoja akajikwaa, waya wa spika ya kule mbele ukachomoka. Sanduku akaenda kuchuchumaa huko mbele, akiuma waya mdomoni. Meza ya mitambo ilikuwa nyuma kabisa, chini ya pazia la mapambo, na spika ziliipa mgongo.

Ngurumo akasalimia, akasifu, akapigiwa makofi. Alipomaliza, kidole gumba kikabonyeza swichi chini, kama kilivyozoea miaka yote. Swichi ilikuwa chini tayari. Akailaza maiki juu ya mto, akaketi kwenye kiti cha Sanduku, akamgeukia binamu yake huku makofi yakiendelea.

Sanduku alikuwa anakaza waya. Sauti ya Ngurumo ikatoka kwenye spika, ikampiga usoni.

“Unamwona anavyojishaua? Jumatatu atabaki na waya zake.”

“Mimi sijapenda, Ngurumo. Uliniambia utani. Unaniandikia upuuzi kwa simu ya mwenzio, nikakupa yangu upige picha, tucheke. Kumbe umeipeleka kwa dada wa watu!”

“Sasa ningefanyaje? Akimwoa huyu mshonaji ndiyo basi tena. Nani atanibebea spika? Nani atanitengenezea? Bila yule msichana hilo sanduku lingebaki kuvuma tu.”

Makofi yalikuwa yamekufa. Aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna.

“Mbona kimya?” Ngurumo akauliza.

*Mbona kimya?* spika zikauliza ua mzima.

Akaruka kama aliyekalia pini. “Nimezima! Maiki nimeizima mwenyewe!”

“Umeizima wapi, baba?” bibi mmoja akamjibu. “Tumekusikia mpaka jikoni.”

Sindano aliweka sinia chini. Akatembea hadi mezani, watu wakimpisha. Binamu alikuwa ameshika uso.

“Dada, nisamehe. Ile namba iliyokutumia picha ni yangu. Huyo kaka hata salamu hatujawahi kupeana, wallahi.”

Sanduku alikuwa tayari amefika, ngumi zimeiva.

“Usimguse,” Sindano alisema. “Usiniharibie harusi ya dada yangu.”

“Fundi, nisikilize,” Ngurumo akaanza, “mimi na wewe tumetoka mbali...”

“Na spika zako ukazibebe mwenyewe,” Sanduku akamkata. “Mgongo wangu una kazi nyingine.”

Ngurumo akatoka kwa mlango wa jikoni. Kuna mtu akasema, “Ngurumo imepita, mvua hakuna,” ua ukalipuka kwa kicheko.

Sanduku akamgeukia Sindano, kifua mbele, macho yanawaka.

“Umeona? Si nilikwambia ile swichi haina kosa!”

Sindano akamtazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu.

“Hilo ndilo la kwanza unaniambia? Ngurumo kanidanganya, sawa. Yeye ni mwongo. Lakini mimi nilikupigia nikakuomba neno moja tu. Ukaninyima. Hakuninyima Ngurumo, ulininyima wewe.” Akafuta jicho kwa kiganja. “Tiketi ya Jumatatu bado ninayo.”

Kifua cha Sanduku kikashuka. Mjomba akasogea, mikono nyuma.

“Kijana, nijibu na mimi. Hiyo swichi uliifunga hivyo kwa makusudi?”

Watu wote wakamtazama. Wengine walishaanza kumwita mtaalamu, bingwa, aliyetega mtego. Angesema ndiyo, wangembeba juu juu. Sanduku akaiangalia ile swichi ndogo. Kisha akamwangalia Sindano.

“Hapana, mjomba. Nilikosea. Huyu aliniambia siku ile ile, nikambishia.” Akamsogelea Sindano. “Na ule ujumbe, Sindano, sikuandika. Nilitakiwa kukujibu pale pale. Nilikasirika, nikaona heri nikupoteze kuliko kukujibu. Huo nao ni waya nilioufunga kinyume.”

Bi harusi akapiga kelele kutoka kiti chake: “Kwenye maiki! Wa nyuma hatusikii!”

Sindano akaichukua maiki pale kwenye mto. Akasukuma swichi juu, akampa.

Sanduku akafungua mdomo. Bubu. Akajaribu tena. Bubu. Sindano akaanza kucheka, machozi bado shavuni, akanyoosha kidole gumba chake chenye alama za sindano, akaishusha.

“Sasa ongea.”

“Jumatatu?” Spika zikauliza pamoja naye.

“Jumatatu shangazi atatafuta fundi mwingine. Itategemea utakachosema.”

“Kesho asubuhi naigeuza hii swichi.”

“Hiyo usiiguse! Hiyo nimeshaizoea.”

Ua ukacheka. Sanduku akamshika mkono, akanyoosha shingo, na sauti yake ikatoka kwenye zile droo mbili ikiwa safi, nzito, bila mvumo.

“Basi hii naiacha. Lakini ukiniambia kingine chochote kimekaa kinyume, nitakifungua nikiangalie kwanza ndipo nibishe. Na ukiniuliza nitakujibu, hata nikiwa na hasira, hata kama jibu ni neno moja. Nakuahidi, Sindano, mbele ya mjomba wako, na maiki imewaka.”