Majivu ya Kitahoribe

Majivu ya mtu yalikuwa yameibwa.

Si utani. Kijungu kizima cha majivu ya marehemu, kimefungwa kitambaa cheupe, kilitoweka kwenye rafu ya ofisi ya vitu vilivyopotea, stesheni ya Kitahoribe. Reli sita zinakutana pale. Saa mbili asubuhi watu wanamiminika kama maji yaliyopasua bomba, na Inspekta Sawa Kuramochi alipita katikati yao bila kuguswa bega.

"Mwizi tunaye tayari," alisema Wakisaka, mkuu wa stesheni. "Ufunguo anao huyu peke yake. Saa nne namfukuza."

Huyu alikuwa Orie, msichana wa ofisi hiyo. Macho mekundu.

"Kijungu kilikuja lini?" Kuramochi akamuuliza.

"Ijumaa, Inspekta. Kiliachwa kwenye treni, juu ya sehemu ya mizigo. Jina lilikuwepo: Haginoya. Nikampigia mwanawe."

"Akasemaje?"

"Kwamba hakijapotea. Amekiacha makusudi."

Hata Wakisaka alitazama chini.

"Twende kwenye kamera," alisema Kuramochi.

Saa kumi na mbili na nusu, mlango wa nyuma. Mtu mwenye kofia, koti la mvua, barakoa. Kabeba mfuko mkubwa. Mbele yake kuna kivuko cha wafanyakazi kinachokatiza reli ya pembeni. Akasimama. Akanyoosha mkono, kidole kikielekea kulia, halafu kushoto. Ndipo akavuka.

"Anamwita mwenzake!" Wakisaka akaruka.

"Hana mwenzake. Rudisha." Kuramochi aliangalia mara tatu, akatabasamu. "Orie, wewe ukivuka pale unafanyaje?"

"Navuka tu..."

"Na simu usoni!" Wakisaka akadakia. "Nimemkaripia mpaka nimechoka. Hawa wa ofisini hawajafundishwa kuonyesha kidole kila upande na kutamka 'sawa' kabla ya kuvuka, kama sisi wa treni."

"Asante, bosi. Umemtetea vizuri kuliko wakili."

Kuramochi akazima skrini.

"Ufunguo wa akiba uko wapi?"

"Chumba cha wasafishaji. Lakini wale ni wazee wa mopu tu, hakuna aliyefundishwa mambo ya reli..."

"Waite. Waambie chai iko upande huu wa kivuko."

Wasafishaji walikuwa sita. Kuramochi alisimama ng'ambo ya kivuko, mikono mfukoni. Wa kwanza akapita anapiga miayo. Wa pili na wa tatu wakapita wanabishana kuhusu mpira wa besiboli. Wa nne, wa tano, hivyo hivyo.

Wa sita akasimama ukingoni. Mgongo ukanyooka kama wa askari.

"Kulia, sawa! Kushoto, sawa!"

Akavuka. Akamkuta Kuramochi kamziba njia, anasoma jina kifuani pake.

"Mzee Nagatoshi. Umeendesha treni miaka mingapi?"

Mzee akacheka kidogo. "Thelathini na nane. Nani kakwambia?"

"Mkono wako. Asubuhi ulikuwa na mfuko. Ulikuwa na nini ndani?"

"Matambara."

"Koti la mvua, na mvua hakuna?"

"Uzee una baridi, mama Inspekta. Na kidole si ushahidi."

"Kweli, si ushahidi." Kuramochi akatazama saa. "Nikikosa ushahidi, saa nne binti Orie anafukuzwa kazi kwa wizi. Barua imeshaandikwa. Nani atamwajiri tena?"

Kicheko kikakatika.

"Orie? Yeye anahusikaje?"

"Ufunguo ni wake."

Mzee alivua kofia.

"Mimi," alisema. "Nimechukua mimi. Yuko kwangu, nimemwekea wali na chai, kama marehemu anavyowekewa. Nilikuwa napiga deki pale Ijumaa, nikasikia mwanawe anavyomkana kwenye simu. Miezi mitatu ikipita bila wa kumdai, wanamzika na wasiojulikana. Haginoya! Miaka ishirini na mbili alikuwa kondakta wangu. Yeye behewa la nyuma, mimi mbele. Akipiga kengele mbili, naondoka. Sikuwahi kugeuka kuhakikisha. Nyumbani kwake sijui alikuwa mtu gani, huenda mwanawe ana haki yake. Lakini mimi hajanidanganya kengele hata siku moja."

"Kwa nini hukuomba?"

"Mimi si ndugu. Ningeomba kama nani?"

Wakaenda ofisini. Nagatoshi akainama mbele ya Orie mpaka kichwa kikakaribia magoti. Wakisaka aliichana barua vipande vinne, akakohoa, akasema samahani kwa sauti ya mbu.

"Wizi ni wizi, mzee," alisema Kuramochi. "Kijungu kinarudi hapa, na wewe unakuja kituoni kutoa maelezo."

"Nimeelewa."

"Ngoja, Inspekta!" Orie alifuta pua kwa mkono, akafungua droo, akamsukumia mzee karatasi na kalamu. "Mwanawe amekataa kwa mdomo wake, nimesikia mimi. Jaza hii ya kudai. Mengine nitapigana nayo mimi."

Mzee aliandika polepole. Jina. Anwani. Akafika kwenye kisanduku cha uhusiano na marehemu, kalamu ikaganda, kisha ikasogea tena.

Kuramochi akachungulia juu ya bega lake. Mzee alikuwa ameandika:

Dereva wake.