Aliyeanguka Kati ya Malori

Kila asubuhi, umande ukiwa bado unadondoka kwenye migomba, Deodatha alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaanika kahawa ya baba yake juu ya mikeka. Baada ya hapo alikula ndizi zilizobaki usiku, akanawa miguu na kuanza safari ya shule. Alitembea kwa zaidi ya saa nzima. Mwaka huo, 1954, alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la nne. Wasichana waliofika darasa hilo pale Nyakasimbi walikuwa wachache sana, na yeye alilijua hilo vizuri. Alipenda watu wamtazame anapopita na daftari zake.

Nyumba ya pili katika kaya yao ilikuwa ya Projest, mdogo wa baba yake. Projest alikuwa bwana shamba msaidizi, na serikali ilikuwa imempa pikipiki ya kuzungukia mashamba ya kahawa. Wazee waliiita tukutuku kwa sababu ya mlio wake. Ilipopita, kuku walitawanyika na watoto waliikimbilia hadi pumzi ziwaishie.

Alhamisi ilikuwa siku ya shamba la shule, na kila mwanafunzi alitakiwa kwenda na jembe. Alhamisi moja ya msimu wa kuuza kahawa, Projest alikuwa na safari ya upande uleule. Akamwambia Deodatha, "Panda, nitakufikisha." Deodatha karibu arukeruke kwa furaha.

"Shika jembe wima," mama yake alimwonya. "Usililaze."

"Ndiyo, mama."

Walipoteremka bondeni upande wa Kiruruma, walikuta malori mengi yamesimama. Mafundi walikuwa wakibadilisha mbao za daraja, na malori yaliruhusiwa kuvuka moja moja. Yale yaliyobeba kahawa kwenda Bukoba yalipanga mstari upande wa kushoto wa barabara. Upande wa kulia yalisimama yaliyotoka Bukoba na chumvi na mabati, yakisubiri kukwamuliwa kwenye tope. Katikati ya mistari hiyo miwili palibaki uchochoro mwembamba. Humo walipita watu waendao kwa miguu, mizigo kichwani.

Projest alisimama nyuma ya lori la mwisho, akazima pikipiki.

"Mbona tumesimama, baba mdogo?"

"Tunangoja zamu yetu."

"Lakini katikati kuna nafasi."

"Hiyo nafasi ni ya wenye miguu, mwanangu. Dereva akifungua mlango ghafla, au mtu akichomoza kati ya lori na lori, nitamkwepea wapi?"

Hajamaliza kusema, honi ikalia nyuma yao. Alikuwa Rwezaura, mfanyabiashara aliyetoka Muleba na kufungua duka karibu na shule. Yeye pia alikuwa na pikipiki, na hakupunguza mwendo hata kidogo. Aliingia katikati ya malori, watu wakajibana kwenye mabodi wakimlaani, naye akatokomea.

"Huyo ipo siku atamwumiza mtu," Projest alisema akitikisa kichwa.

Deodatha hakuwaza hayo. Aliwaza kengele ya shule. Wenzake walikuwa wanakusanyika uwanjani wakati ule, na kama angechelewa, nani angemwona akishuka kwenye pikipiki?

"Baba mdogo," alisema, "mwalimu amesema leo tunafanya mtihani mapema. Atakayechelewa hataruhusiwa kuingia."

Hapakuwa na mtihani wowote. Uongo ule ulimtoka kwa urahisi hata yeye mwenyewe akashangaa.

Projest aligeuka akamtazama. "Mtihani? Mbona hukusema nyumbani?"

"Nilisahau."

Projest alitazama mstari wa malori, kisha saa yake ya mkononi. Alivuta pumzi. "Haya. Tutapita polepole sana. Shika jembe vizuri."

Wakaingia uchochoroni. Moshi wa malori uliwaumiza macho. Projest alipiga honi mara kwa mara, na watu wakawapisha. Karibu na daraja, juu ya ukingo, walikuwapo wanafunzi wenzake waliosimama kuwatazama mafundi. Mmoja alimwona, akapaza sauti, "Deodatha! Deodatha yuko kwenye tukutuku!"

Deodatha akasahau kila kitu. Alinyanyua mkono kuwapungia, na jembe likalala mapajani, mpini ukachomoza upande wa kulia.

Palepale alisikia mpini ukigonga kitu na kumpinda kiwiko. Aligeuka. Mwanamke mmoja, aliyekuwa akitokea kati ya malori mawili, alikuwa ameketi kwenye tope, kapu lake limepinduka, mkono mmoja ameukumbatia kifuani. Moshi wa malori ukamfunika, na wenzake ukingoni walikuwa wakimtazama Deodatha tu. Deodatha aligeuza uso, akatazama mbele.

Walipovuka daraja, Projest alisimamisha pikipiki. "Nilisikia kama kitu kimegonga. Na mbona jembe limelala?"

"Limegonga bodi la lori, baba mdogo."

"Una hakika? Hakuna mtu aliyeguswa?"

Deodatha alitazama tairi. "Hakuna."

Alifika shuleni kabla ya kengele. Wenzake walimzunguka na kumuuliza pikipiki inakimbia vipi, nayo inatetemeka vipi. Aliwajibu kwa mkato, na jembe akalitupa nyuma ya darasa mahali ambapo hangeliona.

Kesho yake nafasi ya Anatolia, aliyeketi naye dawati moja, ilikuwa tupu. Jumatatu alikuja, macho yamevimba.

"Mama amevunjika mkono," alisema. "Alikuwa anapeleka kahawa kwa wanunuzi, akagongwa na pikipiki kati ya malori. Zahanati wamemfunga vibao. Na kahawa yetu nyingine bado iko mitini, baba alishafariki, nani atachuma?"

Deodatha aliinamia daftari lake. "Alimwona aliyemgonga?"

"Alikuwa anatokea nyuma ya lori, moshi umemjaa machoni. Alisikia mlio tu. Lakini kila mtu anajua ni Rwezaura. Nani mwingine anayepita vile?"

Na kweli, kijiji kizima kilishaamua. Rwezaura alipokana, watu walimwona mkaidi. Wanawake waliacha kuingia dukani kwake. Jumapili, mlangoni pa kanisa, hakuna aliyempa mkono. Projest alipoulizwa, alijibu bila wasiwasi, "Mimi nilipita, sikatai, lakini nilikwenda polepole. Nilikuwa na mtoto nyuma yangu. Sikumgusa mtu."

Deodatha alianza kwenda kwa kina Anatolia kila alipotoka shule. Alimchotea maji Joviana, mama yake Anatolia, akamenya ndizi, akachuma kahawa hadi vidole vikawa vyeusi. Alidhani akifanya kazi sana, lile jambo lingepungua uzito. Ikawa kinyume.

"Shikamoo, Ma Joviana."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena? Waitu, mpenzi wetu, mama yako amezaa mtoto kweli." Joviana alimpa kwa mkono wake mzima ndizi mbivu iliyo nono kuliko zote kwenye chane. "Kula. Wewe una moyo. Si kama yule Rwezaura. Amenivunja, halafu hata pole hajaleta. Mtu wa namna ile hana utu."

Deodatha aliitafuna ile ndizi akaimaliza. Njiani aliitapika porini, kisha akakaa chini, akalia. Kila neno jema la Joviana lilimchoma kuliko fimbo.

Wiki ya pili, mkuu wa kijiji, Ndyamukama, ambaye watu walimwita mkungu, alitangaza kwamba Jumamosi angesikiliza shauri lile. Ijumaa jioni Deodatha alikuwa akikusanya kahawa mikekani alipomsikia Projest akizungumza na baba yake.

"Nimeitwa kutoa ushahidi," Projest alisema. "Nitakula kiapo. Nitasema Rwezaura alipita kwa kasi, na mimi sikumgusa mtu."

"Una hakika, Projest? Kiapo si mchezo."

"Nina hakika. Nilimuuliza Deodatha palepale."

Deodatha aliuacha ungo ukaanguka, kahawa ikamwagika. Alikimbia hadi waliposimama, akapiga magoti mbele ya baba yake mdogo.

"Usiape! Ni mimi! Mpini wa jembe langu ulimgonga. Nilimwona ameanguka, nikakwambia ni lori." Kisha, kwa kuwa mlango ulishafunguka, akatoa na lililobaki. "Na mtihani haukuwapo. Nilitaka wenzangu wanione."

Baba yake alinyanyua mkono kama anayetaka kumpiga, lakini Projest aliushika. Aliuteremsha taratibu, akamgeukia Deodatha.

"Wiki mbili," alisema. "Wiki mbili nimezunguka mashambani nikimsema Rwezaura. Inuka. Kesho tutakwenda wote, na utasema wewe kwa mdomo wako. Na mimi nitasema langu."

Uwanja wa mkungu ulijaa Jumamosi ile. Rwezaura alisimama peke yake upande mmoja, kofia mkononi. Joviana aliketi kwenye mkeka, mkono umefungwa shingoni. Projest alimwongoza Deodatha hadi katikati. Alimtafuta Anatolia kwa macho, na alipompata akatamani asingemtazama.

Alisema yote, tangu mtihani wa uongo hadi ndizi aliyotapika.

Projest akasema, "Mtoto amedanganya, lakini pikipiki niliiendesha mimi. Nilijua ule uchochoro ni wa wenye miguu. Nilijua, na bado nikaingia. Kosa la kwanza ni langu."

Rwezaura aliinua uso. "Basi kumbe tunasemwa sote. Lakini nami niulize, mkungu. Pikipiki ni nyembamba. Kwa nini ingoje nyuma ya malori mchana kutwa na njia iko wazi mbele yake?"

Kabla mkungu hajajibu, Joviana alisema palepale alipoketi, akimwita Rwezaura kwa "Ta" ya heshima, "Njia iko wazi kwako uliye juu ya pikipiki, Ta Rwezaura. Mimi nilikuwa nyuma ya lori, na mlio ule ulichanganyika na wa malori. Sikukuona wewe, wala Projest. Mtu anayepita hapo hamwoni mwenzake mpaka wamekwisha kugongana."

Watu waliguna wakikubaliana naye. Ndyamukama aliamua kwamba tangu siku ile, malori yakipanga mstari darajani, mwenye pikipiki angengoja zamu yake kama wengine. Mwenye haraka ya kweli, kama vile kupeleka dawa au mgonjwa, azime moto, ashuke, aisukume kwa miguu. Projest naye aliagizwa kuvuna kahawa yote ya Joviana hadi mti wa mwisho.

Deodatha alimfuata Rwezaura, akapiga magoti. "Naomba unisamehe, Ta Rwezaura."

Rwezaura alimtazama. "Nimekusikia," alisema. "Watu wamenipita kanisani kama mkoma. Siwezi kusema hilo limekwisha leo." Akavaa kofia yake. "Ila na mimi nimejiuliza kwa nini waliamini upesi hivyo. Kama ningekuwa mtu wa kwenda taratibu, nani angenidhania?" Akaondoka, safari hii akiisukuma pikipiki yake hadi alipotoka katikati ya watu.

Anatolia hakuzungumza na Deodatha siku nyingi. Walichuma kahawa safu moja, huyu upande huu wa mti na yule upande ule. Siku moja Anatolia alimpa kikapu bila kuombwa. Deodatha alikipokea kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Siku ya mti wa mwisho, Joviana alikuja shambani. Vibao vilikuwa vimetolewa, na mkono wake ulikuwa mwembamba. Deodatha aliweka kikapu chini.

"Ma Joviana, bado unanichukia?"

Joviana aliketi kwenye majani makavu ya migomba, akamwita akae karibu naye.

"Mkono umepona," alisema. "Ningeumia kwa bahati mbaya tu, ningesahau. Lakini nitakwambia kinachonisumbua. Kila siku ulipokuja kwangu, nilimtukana Rwezaura mbele yako. Nilimwita mtu asiye na utu. Nilimsema kwa jirani, nilimsema kwa watoto wangu, nilimsema hata katika sala. Mimi sijawahi kumsingizia mtu maishani, Deodatha. Uongo wako ulikaa kimya ndani yako, lakini ulisema kwa mdomo wangu, na kwa mdomo wa baba yako mdogo, na wa kijiji kizima. Jana nimekwenda dukani kwake kumwomba radhi. Mimi, niliyevunjwa mkono."

Deodatha aliinamisha kichwa, machozi yakadondokea kwenye kahawa.

"Sikwambii ili ulie," Joviana aliendelea. "Ulisema ukweli kabla mtu hajaapa, na hilo lilitaka nguvu. Lakini ukikosa tena, maana utakosa, sisi sote hukosa, sema palepale, aliyeanguka akiwa bado chini. Ungepiga kelele siku ile, ningeinuliwa topeni na mkono wenu, na pasingekuwa na shauri."

Alimshika bega kwa ule mkono uliopona, akajiinua. Kisha wote wawili wakabeba kikapu cha mwisho, kila mmoja upande wake, wakapandisha nacho nyumbani.